Kodi na Ada: Ni Nani Anayekula Akiba na Urithi Wetu?

SOMO LA VIKUNDI

Katika vikundi tunavyovitembelea hapa Githurai 45, kuanzia kina mama wa sokoni hadi mafundi wa jua kali, kuna swali moja ambalo haliishi kuulizwa: "Mtu akifa, serikali inachukua kiasi gani cha mali yake?" Wengine wana hakika ni nusu. Wengine wamesikia ni robo. Kwa sababu ya hofu hiyo, familia nyingi huamua kunyamaza. Taito inabaki kwa jina la marehemu, karatasi za benki zinafungiwa sandukuni, na NSSF hakuna anayekwenda kuuliza. Miaka inapita.

Jibu ni fupi: Kenya haina kodi ya urithi. Ilikuwako tangu wakati wa mkoloni, na ikafutwa mwaka wa 1982. Kwa hivyo anayetutisha leo kwamba serikali inangoja sehemu yake anatuletea habari iliyopitwa na wakati kwa zaidi ya miaka 40. Kule Uingereza bado iko. Kwa kawaida, mali inayozidi pauni 325,000 hukatwa shilingi 40 kwa kila 100, kama tungehesabu kwa pesa zetu. Hapa kwetu hakuna.

Sasa, kama hakuna kodi ya urithi, mbona wajane na watoto wengi hubaki mikono mitupu? Ni kwa sababu mali haiishi kwa pigo moja kubwa. Inaliwa kidogo kidogo: ada hapa, deni la kaunti pale, nauli ya kuzungushwa ofisini, broka, na zaidi ya yote, kuchelewa. Na mara nyingi mlango wa hasara uliachwa wazi na mwenye mali akiwa hai, kwa kutoandika jina. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika somo hili tutaona jinsi inavyopotea, na jinsi ya kuizuia.

MFANO WETU: MIFUKO MINNE YA MAMA NJERI

Huu ni mfano wa kutunga, lakini kila msomaji atamwona jirani yake ndani yake. Mume wa Mama Njeri alifanya kazi miaka 22 katika kiwanda kimoja huko Thika. Amefariki akiwa na miaka 54. Ameacha watoto watatu, mmoja yuko kidato cha tatu. Ameacha pia mifuko minne: NSSF na pensheni ya kazini, akiba katika Sacco, pesa kidogo benki, na ploti yenye vyumba sita vya kupangisha hapa Githurai 45. Tuifungue mmoja mmoja.

MFUKO WA KWANZA: NSSF NA PENSHENI YA KAZINI

Kwa sheria mpya ya NSSF, ya mwaka wa 2013, iliyoanza kutumika Februari 2023, mfanyakazi hukatwa asilimia 6 ya mshahara unaohesabiwa, na mwajiri huongeza asilimia 6 nyingine. Hiyo ya mwajiri si zawadi, ni haki ya mfanyakazi. Kwa hivyo kila mwaka uliza taarifa ya akaunti yako uone kama pesa zinafika. Kugundua siku ya kustaafu kwamba miaka minne haikupelekwa ni kuchelewa mno.

Kuhusu kodi, kuna habari njema. Tangu tarehe 27 Desemba 2024, anayelipwa pensheni kutoka kwa mfuko uliosajiliwa hatozwi kodi ya mapato akiwa amefikisha umri wa kustaafu wa mfuko huo, au ametoka mapema kwa sababu ya ugonjwa, au amekuwa mwanachama kwa miaka 20. Lakini anayetoa pesa mapema bila sababu hizo bado hukatwa kodi. Kijana wa miaka 35 anayeacha kazi na kukimbilia kutoa pensheni anunue pikipiki anapata hasara mara mbili: kodi inakatwa leo, na faida ya miaka 25 ijayo inapotea.

Mtu akifa je? Sheria ya mifuko ya kustaafu inasema pesa hizo hazihesabiwi kuwa sehemu ya mirathi. Wadhamini wa mfuko hulipa kwa kufuata kanuni za mfuko, wakiangalia majina yaliyoandikwa na mwanachama. Maana yake ni kwamba si lazima kungoja mahakama. Ikiwa mume wa Mama Njeri alijaza ile fomu ya wanufaika, mfuko huu ndio unaoweza kumlipia mtoto karo kabla hajarudishwa nyumbani.

Lakini wengi walijaza fomu wakiwa vijana, kabla ya kuoa, wakaandika jina la mama mzazi. Mama huyo alishafariki na fomu haikubadilishwa. Hapo ndipo kuzungushwa huanza.

MFUKO WA PILI: SACCO

Sheria ya vyama vya ushirika nayo inaruhusu chama kumpa akiba na hisa za marehemu yule mtu aliyeandikwa naye. Hapa pia jina lililoandikwa linaokoa muda. Kabla ya kulipa, Sacco itatoa kwanza mkopo uliobaki, isipokuwa kama mkopo una bima. Uliza leo kama mkopo wako una bima, usingoje mjane aulize.

Kodi iko, lakini si kubwa. Gawio la hisa hukatwa asilimia 5 na riba ya akiba asilimia 15, na chama hukata chenyewe kabla ya kukulipa.

MFUKO WA TATU: BENKI

Riba ya benki pia hukatwa asilimia 15. Ukipata riba ya shilingi 1,000, utaona 850.

Shida kubwa ya benki ni nyingine. Akaunti ikiwa kwa jina la mtu mmoja, na huyo mtu amefariki, benki huifunga hadi ipewe hati ya usimamizi wa mirathi. Kadi na namba ya siri hazimfanyi mtu kuwa mrithi. Tunajua vijana wengi hukimbilia mashine usiku wa kwanza wa matanga. Sheria ya Urithi, kifungu cha 45, inaita huko kuingilia mali ya marehemu, na adhabu ni faini isiyozidi shilingi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Akaunti isipoguswa miaka mingi, benki hupeleka pesa hizo kwa Mamlaka ya Mali ya Kifedha Isiyodaiwa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2011. Hazijapotea. Mrithi mwenye karatasi zake anaweza kuzidai huko. Lakini hatadai asichojua kwamba kiko, na ndiyo sababu tunasema iandikwe.

MFUKO WA NNE: PLOTI

Huu ndio mfuko mkubwa, na ndio unaoliwa zaidi. Tuone wanaokula.

Kwanza ni kodi ya ardhi ya kaunti. Hii haijui matanga. Inaendelea kuhesabiwa kila mwaka kwa jina la marehemu, na isipolipwa huongezeka kwa faini. Siku ya kuhamisha ploti, Kaunti ya Kiambu itataka deni lote limalizwe ndipo itoe cheti. Familia iliyokaa miaka 15 hulipa kwa mkupuo mmoja kile ambacho kingelipwa polepole kutoka kwa kodi ya wapangaji.

Pili ni kodi ya mapato ya nyumba. Vyumba sita vya shilingi 5,000 huleta 30,000 kwa mwezi, yaani 360,000 kwa mwaka. Mapato ya nyumba za kuishi yanayozidi shilingi 288,000 kwa mwaka hutozwa asilimia 7.5 tangu Januari 2024. Katika mfano wetu ni 2,250 kila mwezi. Kifo hakisimamishi kodi hii. Anayesimamia mali anapaswa kuilipa, na ni vizuri ailipe kutoka kwa ile pesa ya vyumba kabla haijagawanywa.

Tatu ni kodi ya faida ya kuuza ardhi. Hapa tusome pole pole, kwa maana ndipo pesa nyingi huenda. Kodi hii ilirudishwa mwaka wa 2015 ikiwa asilimia 5 ya faida, na tangu Januari 2023 ni asilimia 15. Ploti kupita kutoka kwa marehemu kwenda kwa warithi haitozwi, na pia warithi hawatozwi ushuru wa stempu ule anaolipa mnunuzi, yaani asilimia 4 mjini na 2 mashambani. Hata ardhi ikiuzwa ili kumaliza mambo ya mirathi, sheria inasamehe kodi ya faida ikiwa mauzo yamekamilika ndani ya miaka miwili tangu kifo, au muda zaidi ambao Kamishna wa kodi amekubali kwa maandishi. Kesi ikiwa mahakamani, miaka miwili huhesabiwa tangu kesi imalizike.

Sasa hesabu. Tuseme familia imeamua kuuza, na faida imehesabiwa kuwa shilingi milioni 4. Wakimaliza ndani ya muda huo, kodi ya faida ni sifuri. Wakikaa miaka tisa wakigombana nyumbani bila kwenda popote, halafu wauze, kodi inaweza kuwa shilingi 600,000. Hiyo laki sita haikuliwa na kifo, imeliwa na kunyamaza. (Kuna msamaha mwingine: mtu binafsi akiuza ardhi ya thamani isiyozidi milioni 3, hatozwi.)

Nne ni wakili na ada za mahakama. Malipo ya wakili katika mirathi hutegemea thamani ya mali. Mkubaliane mapema, iandikwe, na kila malipo yawe na risiti. Familia isiyo na ugomvi na yenye karatasi zote humpa wakili kazi ndogo. Familia yenye kesi tatu humpa kazi ya miaka kumi.

Tano ni mabroka. Wanakuja kabla udongo wa kaburi haujakauka. "Mama, saini tu hapa, mnunuzi yuko tayari na pesa taslimu." Jueni hivi: ardhi ya marehemu hairuhusiwi kuuzwa kabla mahakama haijathibitisha hati ya usimamizi. Anayenunua kabla ya hapo ananunua kesi. Anayeuza anauza kwa bei ya kutupa, maana mnunuzi mwenyewe anajua ni haramu na anapunguza bei kwa sababu hiyo.

NJIA YA MIRATHI, HATUA KWA HATUA

1. Pata cheti cha kifo. Bila hicho hakuna ofisi itakayokusikiliza.

2. Nenda kwa chifu upate barua inayotaja warithi wote. Chifu ni mfanyakazi wa serikali na analipwa mshahara. Barua haiuzwi. Mabinti watajwe wote, hata walioolewa. Sheria haibagui mtoto wa kiume na wa kike, na Katiba ya 2010 imetia mkazo hapo.

3. Peleka maombi mahakamani. Si lazima kwenda Nairobi. Hakimu anaweza kusikiliza mirathi ya thamani ya kuanzia milioni 5 hadi 20, kulingana na cheo chake. Kwetu sisi kuna mahakama za Ruiru na Thika.

4. Maombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Mwenye pingamizi ana siku 30.

5. Mahakama hutoa hati ya usimamizi. Kwa kawaida, baada ya miezi sita hati hiyo huthibitishwa, na hapo ndipo mgao huandikwa.

6. Peleka hati iliyothibitishwa kwenye ofisi ya ardhi ili taito ibadilishwe. Wengi huishia hatua ya tano wakidhani wamemaliza. Taito ikiwa bado kwa jina la marehemu, kazi haijaisha.

Ukijumlisha, familia inayopatana inaweza kumaliza kabla ya miaka miwili. Inayoanza mwaka wa pili iko mbioni. Inayongoja "watoto wakue" imeshachelewa.

Na tuseme neno kwa wajane. Mwenye mali akifa bila wosia, akaacha mke mmoja na watoto, mke anapata vyombo vya nyumbani viwe vyake kabisa, na mali iliyobaki anaishikilia na kuitumia maisha yake yote. Hawezi kuuza ardhi hiyo bila idhini ya mahakama. Watoto wasimsukume auze, na shemeji wasimfukuze. Anashikilia kwa haki, si kwa huruma ya mtu.

ADA NDOGO, SHIMO KUBWA

Tumeongea juu ya kifo. Turudi kwa walio hai wanaoweka akiba ya uzee. Wengi wetu hatuna mshahara. Ndiyo maana mwaka wa 2011 watu wa jua kali walianzishiwa mpango wa Mbao, ukipewa jina la ile shilingi 20 ya kuweka kila siku, na NSSF nayo ikaja na mpango wa Haba Haba. Ni hatua nzuri. Lakini kabla ya kuingia katika mpango wowote, uliza swali moja: "Mnakata ngapi kila mwaka?"

Kwa nini? Tazama mfano huu wa hesabu tu. Wanjiru na Otieno kila mmoja anaweka shilingi 500 kwa mwezi, yaani 6,000 kwa mwaka, kwa miaka 30. Kila mmoja ametoa 180,000 kutoka mfukoni. Pesa za wote wawili zinazaa asilimia 10 kwa mwaka. Mfuko wa Wanjiru haukati kitu. Mfuko wa Otieno unakata shilingi 2 kwa kila 100 iliyoko, kila mwaka, kwa hivyo anabaki na asilimia 8.

Baada ya miaka 30, Wanjiru ana karibu shilingi 987,000. Otieno ana karibu 680,000.

Shilingi 2 zilionekana kama za chai. Mwishoni zimekula zaidi ya 300,000, karibu sehemu moja kati ya tatu, kwa sababu kila shilingi inayokatwa leo haizai tena kesho. Hakuna mfuko usiokuwa na gharama, na Wanjiru wetu ni wa kwenye karatasi. Lakini mfuko wa ada 1 na mfuko wa ada 3 si ndugu. Linganisheni. Hesabuni pia gharama ya kutuma pesa. Ukituma kidogo kidogo kwa simu na kila mara unakatwa, mwaka ukiisha ada hizo zimekuwa mchango wa mwezi mzima. Afadhali kikundi kikusanye na kutuma mara moja.

Jambo la kuipa moyo akiba ya uzee ni kwamba faida inayozaliwa ndani ya mfuko wa pensheni uliosajiliwa haitozwi kodi, wakati riba ya benki inakatwa 15 kwa mia. Ada ikiwa ndogo, mfuko huo unashinda.

MAMBO MATANO YA KUFANYA UNGALI HAI

1. Andika au badilisha majina ya wanufaika: NSSF, pensheni, Sacco, bima. Kazi hii ni ya fomu moja na kalamu. Ukiandika mtoto mdogo, taja na mtu mzima atakayesimamia.

2. Andika wosia. Utie saini mbele ya mashahidi wawili, na wasiwe watu wanaorithi. Wosia wa mdomo unakubalika mbele ya mashahidi wawili ikiwa msemaji amefariki ndani ya miezi mitatu tangu aseme. Usitegemee huo.

3. Mume na mke wanaonunua ploti waulize kuhusu umiliki wa pamoja ambapo anayebaki anachukua yote. Mmoja akifa, ofisi ya ardhi hufuta jina lake kwa kuonyeshwa cheti cha kifo. Mahakama haihitajiki. Ni tofauti na umiliki ambapo kila mmoja ana sehemu yake, kwa hivyo hakikisha ni upi ulioandikwa.

4. Kama ploti yako bado ni ya cheti cha hisa cha kampuni ya kununua ardhi, fuata taito sasa. Wewe ndiwe unayejua namba, mipaka na viongozi. Mtoto wako hatajua.

5. Fungua daftari la nyumba. Andika kila akaunti, kila Sacco, kila ploti, kila deni na kila mtu unayemdai. Mwenzako ajue lilipo. Usiandike namba za siri humo.

NA KIKUNDI CHENYEWE JE?

Tusisahau mali tuliyo nayo pamoja: viti, hema, ploti ya kikundi, pesa za mzunguko. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka wa 2022 inataka kila kikundi kiwe na katiba. Angalieni yenu. Inasema nini mwanachama akifa? Hisa yake inalipwa kwa nani, na baada ya siku ngapi? Kama katiba imenyamaza, mjane wa mwanachama wenu atakuja mkutanoni kuomba kile kilicho chake, na ninyi mtaanza kuangaliana. Lisahihisheni hilo kabla halijawakuta.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika mtaa wetu, je, kuna ploti ngapi tunazojua ambazo bado ziko kwa jina la marehemu? Ni nini kilizuia?

2. Kati ya mifuko minne ya Mama Njeri, ni upi ungefunguka haraka katika nyumba yako leo? Ni upi ungefungwa?

3. Kwa nini wengine huogopa kuandika wosia wakisema ni kujitabiria kifo? Tuwajibu vipi kwa upole?

4. Wanachama wanaoweka akiba ya uzee waseme: mfuko wako unakata kiasi gani kwa mwaka? Ambaye hajui, atajuaje kabla ya mkutano ujao?

KAZI YA NYUMBANI

Kabla ya mkutano ujao, kila mwanachama aangalie fomu moja tu, iwe ya NSSF, Sacco au bima, na athibitishe ni jina la nani limeandikwa. Katibu aandike katika kitabu cha kikundi ni wangapi wameangalia na ni wangapi wamebadilisha. Majina ya wanufaika yasitajwe mkutanoni, hayo ni siri ya mtu na nyumba yake. Tukifika hapo, tutakuwa tumefunga mlango mmoja wa hasara, na mkutano utakaofuata tutaanza na daftari la nyumba.